Kiti cha binamu: shajara ya kujifunza wahedi wa sitini

Siku ya 1

Binamu ameondoka leo alfajiri kwenda chuo Dodoma, na kiti chake kimebaki wazi. Hapa kwa shangazi, Ngamiani, Tanga, kila Jumamosi baada ya isha meza ya ukumbini huwa na watu wanne wanaocheza karata, mchezo wa wahedi wa sitini: shangazi na binamu wanashirikiana, mjomba na jirani yetu wanashirikiana. Mimi tangu nihamie hapa kikazi nimekuwa mpika chai wao. Nawasikia wakicheka, wakigombana, wakihesabu, na sijui wanagombania nini. Katika karata najua mchezo wa last card peke yake.

Jioni shangazi akaniita. Nikaitika abee, nikaenda.

"Mwanangu, kiti hakikai kitupu. Utajifunza."

Nikamwambia itanichukua muda. Akasema muda upo, binamu anarudi likizo baada ya wiki saba, na siku hiyo anataka kumwonyesha kuwa nyumba haikulala. Basi nimenunua daftari. Siku 49.

Siku ya 2

Niandike kanuni kama nilivyozielewa usiku, kabla hazijanitoka.

Pakiti ina karata 52. Jokeri hazihesabiwi, zinawekwa kando. Nane, tisa na kumi zote zinatolewa, zinabaki karata 40. Kati ya hizo, nusu zina pointi na nusu hazina kitu. Ree (A), ambayo vijana wanaiita dume, ni 11. Saba ni 10. Mfalme (K) 4, ghulamu (J) 3, bibi (Q) 2. Sita, tano, nne, tatu na mbili ni garasa, sifuri. Kila rangi ina pointi 30, na rangi ni nne (kopa, shupaza, uru na pau), kwa hiyo pakiti nzima ni 120. Mwenye kupata 61 ameshinda, na jina la mchezo ndilo hilo: wahedi wa sitini ni Kiarabu, moja na sitini. Ikitoka 60 kwa 60 ni sare.

Nguvu za karata zinafuata pointi hizo hizo. Saba inampiga mfalme, na ghulamu anampiga bibi. Hapo ndipo kichwa kiligoma. Macho yangu yamezoea kumwona mfalme mkubwa, sasa nimeambiwa karata ya alama saba inamla.

Kila mtu anapewa tatu. Inayofuata inafunuliwa, rangi yake ndiyo turufu, inayozishinda rangi nyingine zote, na karata hiyo inalazwa chini ya fungu huku imechungulia. Mmoja anaanza kutupa, wengine wanafuata, mwenye karata kubwa ya rangi iliyoanza anakula zote, ila kama mtu amekata kwa turufu. Aliyekula analamba, yaani anachukua karata, wa kwanza kutoka kwenye fungu, kisha anaanza raundi mpya. Fungu likiwapo, hulazimiki kufuata rangi. Fungu likiisha, ukiwa na rangi iliyoanza lazima uitoe.

Siku ya 4

Nimecheza na shangazi, sisi wawili tu, mara tatu. 31 kwa 89. 22 kwa 98. 45 kwa 75. Ile ya pili imehesabiwa mbili, kwa sababu nyumba hii asiyefika 30 amefungwa mara mbili.

Mchezo wa kwanza nilipewa ree ya kopa kwenye tatu zangu za mwanzo. Nikafurahi, nikaitupa mbele palepale, kwa kuwa si ndiyo kubwa kuliko zote? Turufu ilikuwa uru. Shangazi akaweka mbili ya uru juu yake, garasa ya mwisho kabisa, akavuta pointi zangu 11 upande wake bila kusema neno.

Mwishoni aliniuliza swali moja: "Saba ya pau ilitoka lini?"

Sikujua. Sikukumbuka hata kama ilitoka. Akazikusanya karata, akazichanga, akagawa tena. Baada ya mchezo wa pili akaniuliza tena, safari hii ghulamu wa shupaza. Sikujua. Nimeandika hapa kwa sababu naona ndilo somo lenyewe, kanuni ni mlango tu.

Siku ya 7

Leo sikucheza, nimeumwa na kichwa. Mjomba alikaa nami barazani akanieleza majina, na nimefurahi kuliko siku zote za wiki hii.

Rangi nne ni kopa, shupaza, uru na pau. Nilizijua tangu utotoni bila kujiuliza zimetoka wapi. Ni Kireno. Copas ni vikombe, espadas ni panga, ouros ni dhahabu, paus ni magongo. Ndiyo maana kopa imechorwa moyo lakini jina lake halina moyo ndani yake: karata za kale za Wareno zilichorwa vikombe, panga, sarafu na magongo yenyewe, picha zikabadilika, majina yakabaki. Karata ni carta, turufu ni trunfo. Maneno haya yamekaa pwani kama meza, bendera na gereza yalivyokaa. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, na Wareno wakatolewa humo 1698. Wao wakaenda, wazee wetu wakaendelea kuchanga.

Hata hesabu ni ile ile. Wareno wana michezo ya bisca na sueca: ree 11, saba 10, mfalme 4, ghulamu 3, bibi 2. Waitalia wana briscola, kwao tatu ndiyo inakaa pahala pa saba, na jumla ni 120 vilevile. Nikafikiri, jina la Kiarabu, karata za Kireno, ugomvi wa Kiswahili. Meza moja ya ukumbini imebeba bahari nzima.

Halafu mjomba akanipa zawadi. Akasema zamani hawakusema mfalme, ghulamu na bibi. Walisema mzungu wa nne, mzungu wa tatu, mzungu wa pili. Nikanyamaza kidogo, kisha nikaona: wa nne ana pointi 4, wa tatu ana 3, wa pili ana 2. Jina ndilo hesabu! Tangu saa ile sijakosea tena ghulamu na bibi.

Siku ya 11

Michezo 20 na shangazi, nimeshinda 1.

Kitu cha leo ni garasa. Mjini tunamwita mtu garasa tukimdharau, mchezaji wa mpira asiye na faida ni garasa, aliyeambulia patupu amelamba garasa na mwenye bahati amelamba dume. Kwa hiyo kila nilipolamba garasa nilikunja uso, na nilizitupa haraka ili mkono wangu ubaki na karata nzuri. Matokeo yake nilikuwa nakaa na saba mbili na mfalme, shangazi anatupa ree, nami sina cha kutoa ila pointi. Nilikuwa namlisha kwa mkono wangu mwenyewe.

Alipoona nimefanya hivyo mara ya tatu aliweka karata zake chini. "Mwanangu, utapoteza raundi nyingi kila mchezo, hilo halizuiliki. Sasa ukiwa huna garasa utapotezea nini?"

Raundi ambayo huwezi kuishinda unaitoka kwa karata isiyo na bei. Nne ya shupaza iliyokaa mkononi ni njia ya kutokea. Na kinyume chake, raundi yenye garasa mbili tupu haifai kukatwa kwa turufu, hata kama unayo, kwa sababu umenunua sifuri kwa fedha. Leo jioni nimecheza nikihakikisha nina garasa moja mkononi muda wote. Nimepoteza 57 kwa 63, na ndio mchezo wangu bora mpaka sasa.

Siku ya 16

Kuhesabu. Nilianza kwa kuhesabu pande mbili, zangu na zake, nikachanganyikiwa kwenye raundi ya tano. Shangazi akasema hesabu zako peke yake, zake zitakuja zenyewe ukitoa kwenye 120 zako na zilizobaki.

Nimebuni zoezi la asubuhi kabla ya kwenda kazini. Nachanga karata 40, naweka moja kando bila kuiangalia, kisha naangusha 39 moja moja nikijumlisha. Jumla ikiwa 109, iliyofichwa ni ree. 110 ni saba. 116 mfalme, 117 ghulamu, 118 bibi. Ikiwa 120 kamili ni garasa. Halafu naifunua. Mara ya kwanza nilitumia dakika 1 na sekunde 50, nikapata 113, jumla ambayo haiwezekani kabisa. Leo, siku ya tano ya zoezi, sekunde 58 na nimepata sawa mara nne kati ya tano.

Kilichosaidia ni kuacha kutamka. Nikiona ree nilikuwa nasema kimoyomoyo "ree, kumi na moja, jumla thelathini na nne." Sasa nasema "thelathini na nne" tu. Garasa sizisemi kabisa, zinapita kama magari ya upande wa pili wa barabara.

Siku ya 18

Sekunde 49. Shangazi ameuliza saba ya uru ilitoka lini, nikajibu raundi ya pili, yeye ndiye aliyeikata. Hakusema kitu. Akagawa.

Siku ya 21

Jumamosi. Nimekaa kwenye kiti.

Ilikuwa vibaya. Wanne ni mchezo mwingine: kila mtu anapewa tatu, fungu linabaki na 28, raundi ni kumi tu na zinakwenda mbio. Kwenye raundi ya tatu jirani alianza na sita ya pau, shangazi akaweka ree ya pau, mjomba akatoa garasa, nikabaki mimi wa mwisho. Raundi ilikuwa yetu tayari. Mimi nikaona ree, nikaona pointi, mkono ukaenda wenyewe: nikakata kwa tano ya turufu. Nimemkata mwenzangu. Nilikuwa na saba ya shupaza mkononi, ningeitupa pale ikaingia nyumbani salama. Raundi mbili baadaye mjomba akaila saba hiyohiyo.

Tumefungwa tatu bila. Jirani akanifariji, mjomba akaenda kulala akiimba. Shangazi akaosha vikombe. Nilipomsogelea kumwomba radhi akasema, "Nenda kalale, mwanangu. Kesho nitakuonyesha kukaa mbele ya mtu."

Siku ya 22

Kukaa mbele ya mtu. Katika nyumba hii ishara haziruhusiwi. Najua wako wacheza briscola wanaokonyeza na kubinua midomo na ni halali yao. Hapa ukikohoa tu mjomba anadai mchezo urudiwe. Kwa hiyo mwenzako anazungumza kwa karata anazotupa, na kazi yako ni kumsikiliza.

Shangazi alipanga karata wazi mezani, akacheza mikono yote minne, na kila hatua akasema inamaanisha nini. Akianza na garasa mapema, hana haraka, anatafuta kujua nani mwenye turufu. Akiwa wa mwisho na raundi ni yangu, akanipa saba, anasema chukua, ihifadhi, mimi siwezi kuilinda. Akiwa wa mwisho na raundi ni yangu lakini akanipa garasa, hana pointi za kunipa au anazo za turufu, na mara nyingi ni hili la pili. Akikata raundi yenye pointi 3 tu, anataka kuanza yeye, basi nisimzibie njia.

Kiti cha mwisho ndicho kitamu. Unaona zote tatu, hubahatishi. Kosa langu la jana lilikuwa kwenye kiti kitamu, ndiyo maana liliniuma.

Siku ya 30

Ugomvi wa mbili ya turufu. Hapa kwetu, mwenye mbili ya turufu akishakula raundi anaweza kuiweka chini na kuchukua turufu ile iliyochungulia chini ya fungu. Jirani alikulia Pemba, kwao alifundishwa bila mabadilishano hayo, na leo ree ya kopa ilikuwa imechungulia tangu mwanzo, shangazi akaichukua. Wamebishana mpaka kahawa ikapoa. Mwishowe mjomba, ambaye naye aliumia kwa hilo, akasema kanuni ni ya mwenye nyumba. Nimeona ni haki, na jirani akakubali kwa sharti kwamba wakicheza kwake watafuata ya kwake. Tumekubaliana Jumamosi ijayo tuende kwake.

Zoezi: sekunde 41.

Siku ya 35

Leo nimemfunga mjomba, sisi wawili tu, na nataka kuandika karata zote za mwisho ili nisisahau nilivyoona.

Turufu ilikuwa kopa. Fungu limekwisha, kila mtu ana tatu. Mimi nina mfalme wa kopa, ree ya pau na nne ya uru. Nina pointi 44. Zimepita turufu nane, nimezihesabu kwa kuteremka kutoka kumi. Moja ninayo, moja imebaki, na anayo yeye. Ree na saba ya kopa nimeziona zikitoka. Bibi pia. Aliyebaki ni ghulamu. Pau zote nyingine zimeshatoka, kwa hiyo hana pau. Saba ya shupaza sijaiona. Tatu ya uru sijaiona. Basi mjomba ana ghulamu wa kopa, saba ya shupaza na tatu ya uru. Niliziona kana kwamba amezilaza mezani. Sijawahi kupata hisia ile katika mchezo wowote.

Pointi zilizo mikononi mwetu ni 28. Zangu 44, kwa hiyo zake ni 48. Mimi ndiye ninayeanza.

Mimi wa siku ya 4 ningetupa ree. Mjomba hana pau, angekata kwa ghulamu, akapata 14, akafika 62, kwisha. Nikaanza na mfalme wa kopa. Fungu limekwisha, lazima afuate rangi, akatoa ghulamu: 7, nimefika 51. Sasa hana turufu. Nikatupa ree ya pau. Akaitazama muda mrefu, akatoa tatu ya uru: 62. Nne yangu ya uru ikamalizia saba yake ya shupaza: 72 kwa 48.

Mjomba akageuza uso kuelekea jikoni. "Mama, njoo umwone mwanao!"

Shangazi akaja na mwiko mkononi. Akauliza, "Bibi ya kopa ilitoka lini?" Nikajibu. Akarudi jikoni, na nilimsikia akicheka.

Siku ya 37

Jumamosi tulikwenda kwa jirani, kanuni zake. Tumepoteza mbili, tumeshinda moja, 64 kwa 56. Ni ushindi wangu wa kwanza katika kiti cha binamu. Raundi ya tisa shangazi alikuwa anakula kwa ree ya shupaza, mimi wa mwisho, nikampa saba ya uru bila kufikiri hata kidogo. Mkono ulikwenda wenyewe tena, safari hii pahala pake.

Siku ya 43

Rekodi ya michezo ya watu wawili mpaka leo: michezo 63, nimeshinda 19, sare 1. Kati ya 20 ya mwanzo nilishinda 1, kati ya 20 ya karibuni nimeshinda 10. Zoezi ni sekunde 36 na halishuki tena. Nadhani vidole ndivyo vimefika mwisho, kichwa bado.

Siku ya 49

Binamu amefika kwa basi la mchana. Usiku alikataa kukaa, akasema anataka kutazama, akavuta mkeka akakaa nyuma yangu ambapo anaona karata zangu. Nilitetemeka raundi mbili za kwanza.

Tumecheza mchezo mmoja tu, kwa sababu jirani ana safari kesho. Turufu shupaza. Tulikwenda nao sambamba mpaka mwisho. Kabla mjomba hajamaliza kuhesabu rundo lao nilijua: 59 kwa 61. Tumepoteza kwa pointi mbili, na nilijua ni pointi mbili zipi.

Shangazi alikuwa anakusanya karata, hakuniangalia.

"Bibi ya pau ilitoka lini?"

"Raundi ya nne, shangazi. Mjomba alikuwa anakula kwa ree. Niliitupa mimi."

"Ulikuwa na nini kingine?"

"Tatu ya uru. Niliibakisha iwe ya kutokea mwishoni."

"Ukaitumia?"

"Haikupata nafasi. Ilikwenda raundi ya kumi, bure."

Akanyamaza. Binamu nyuma yangu naye kimya. Kisha shangazi akazigonga karata mezani zikakaa sawa, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze hakuzichanga mwenyewe. Akanisogezea pakiti.

"Haya, changa. Jirani aende zake, binamu yako akae pahala pake."